Mkasi wa Mama na Michenza ya Nyuma

Mimi ni mtu wa mashoto. Jambo hili nimelikana mbele ya bibi yangu, mbele ya walimu wangu wote wa shule ya msingi, na mbele ya msichana niliyelala naye chumba kimoja chuo kikuu, ambaye siku moja aliniuliza kwa nini nafungua chupa ya soda kama mtu anayemkaba kuku. Nilimwambia kwamba kwetu Bwera chupa hufunguliwa hivyo. Yeye alikuwa mtu wa Kampala, na kuhusu Bwera aliamini chochote alichoambiwa.

Kazi ya kunigeuza aliianza bibi, mzaa mama, kwa ukambaa wa mgomba. Aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni nilipokuwa nakula, kwa maelezo kwamba hakuna atakayepokea chakula kutoka kwa mke anayekipakua kwa mkono wa chooni. Walimu walimalizia kwa fimbo. Nilipofika darasa la tatu niliandika kwa kulia, nilikula kwa kulia na nilisalimia kwa kulia. Mkono wa kushoto ukawa kama ndugu aliyewahi kutia ukoo aibu: yupo, analishwa, lakini haitwi wageni wakija.

Ningezeeka hivyo kama si mkasi wa kupogolea miti.

Mkasi wenyewe ulikuja mwanzoni mwa miaka ya sitini, Wabelgiji walipokuwa wakifunga mizigo ng'ambo ya mpaka, huko Kongo. Soko letu lilijaa vitu ambavyo hatukujua ni vya nini: kigoda cha piano bila piano, mitego ya panya mikubwa ya kutosha paka, mafungu ya zana zilizotoka mashamba ya kahawa. Mama alikuwa amenichukua twende kununua chumvi. Alisimama mbele ya turubai la mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo, akaokota chuma chenye meno mawili, moja jembamba lenye makali, jingine nene lililopinda kama kidole kinachoita.

“Hii tunaita sekateri, mama,” mchuuzi akasema. “Ilikuwa ya muzungu wa kawa. Iko chuma ya Bulaya. Wewe utakufa, yeye atabakia.”

“Sijaja kununua kitu cha kunizika,” mama akamjibu.

Aliufunga mkasi akauelekeza kwenye jua, akafumba jicho moja. Alikuwa anatafuta mwanga kati ya meno mawili. Ukiuona mwanga, alinieleza baadaye, ujue meno hayo yamegombana na hayatapatana tena. Mkasi wa kwanza ulipitisha mwanga. Wa pili pia. Wa tatu haukupitisha, ila springi yake ililia kama panya, akaurudisha. Wa nne alioupenda ulikuwa na kutu mpinini na hakuna mtu mwingine ambaye angeutazama. Aliomba jani la mgomba kwa muuza ndizi wa jirani, akalikata ukingoni. Mkasi mbaya hulivuta jani na kulichana. Huu ulipita kana kwamba jani halikuwepo.

Mchuuzi alikuwa amechoka. “Mama, uko nachagua bwana ao mukasi?”

“Bwana nilichaguliwa,” mama akasema. “Mkasi nachagua mwenyewe.”

Bwana aliyechaguliwa alikuwa baba yangu, polisi kutoka kaskazini aliyeletwa kulinda mpaka. Mama ni mtu wa Kyarumba, mlimani. Hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaoza na ndicho tulichogombania nyumbani. Baba alipopata kiwanja kando ya barabara ya Kongo alipanda michenza, kwa sababu alikuwa amekula machenza mara moja maishani, kwenye kozi ya polisi, na hakuyasahau. Alifariki kabla miti haijafikia kimo chake. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mama, na mama aliichukua kama watu wengine wanavyochukua dini.

Majirani walipogoa kwa panga, kama walipogoa kabisa. Mama hakuruhusu panga lipite karibu na michenza. Alisema panga halijui kusimama. Linakwenda kukata kijiti na kurudi na nusu ya ganda la shina. Mti una ngozi, na ngozi iliyochanwa haishonwi. Jeraha lililokatwa vizuri hujifunga: ganda hukunja mdomo pande zote kuzunguka kidonda, kama mtu anayejiandaa kupiga mluzi. Lililotafunwa hukauka, linaoza, mchwa wanaingia.

Mkasi ulikuwa na sheria nyingi kuliko sisi watoto. Kila jioni baada ya kazi ulifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maana utomvu wa mchenza ukilala juu ya chuma unaamka ukiwa gundi. Ulinolewa kwa kinoo kidogo, upande mmoja tu wa jino lenye makali, ule ulioinama kama paa la nyumba, kutoka shingoni kwenda nchani bila kurudi nyuma. Upande ulio bapa uliguswa kidogo sana, kuondoa tu ule ukingo unaokwaruza kucha. Mtu akiunoa upande huo kama kisu cha jikoni, mwanga unaingia kati ya meno, na mkasi umekwisha. Jino nene halikunolewa kabisa, kazi yake ni kushikilia tawi. Mafuta yaliwekwa kwenye springi na kwenye parafujo, na yasiwe ya kupikia, maana hayo huganda na kuita sisimizi. Matawi yaliyozidi unene wa kidole gumba yalikatwa kwa msumeno, kwanza kwa chini kidogo, kisha juu, ili tawi lisianguke na ganda. Mti mgonjwa ulipogolewa mwisho, na mkasi ukachovywa maji ya moto kabla ya kurudi kwenye msumari juu ya kitanda cha mama. Kuuazima kwa mtu ilikuwa sawa na kumwazima mswaki.

Nilizijua sheria zote. Ningeweza kuzifundisha, na mimi ni mtu ambaye baadaye nililipwa kwa kufundisha mambo ninayoyajua kwa maneno tu. Lakini nilipopewa mkasi nikate, nilikata vibaya. Nilikata kwa mkono wa kulia, kama mtoto aliyelelewa vyema, na mkono ule ambao uliandika insha za kushinda zawadi uliushika mkasi kama unaoshika mjusi. Kiganja kilipinda, meno yakaachana, kijiti kikabanwa katikati na kuning'inia kwa uzi wa ganda. Kila kidonda changu kilionekana kama kazi ya mbuzi.

“Mkasi huu umezeeka,” nilisema.

Mama aliuchukua, akakata kijiti kilekile kidogo chini yake, safi.

Hapo ndipo ilipoanza safari yangu ndefu ya kulaumu vyuma. Nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kufundisha historia katika shule ya wasichana Kasese, nilikuwa na mshahara, na karibu na stendi ya mabasi kulikuwa na duka la vyuma. Nilinunua mkasi wenye mipini myekundu, nikaulaumu kwa kuwa mwepesi. Nilinunua mwingine mzito, nikasema unachosha. Nilinunua ule mkasi mrefu wa mikono miwili unaotumika kunyoa ua wa miti mbele ya nyumba za maofisa, nikafika nao Bwera nikiwa nimeubeba begani. Kaka yangu alikuwepo nyumbani siku hiyo. Yeye ni mkubwa wangu, alikuwa askari jeshini, na alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kana kwamba ameuteka.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo ya kunyoa twiga?”

Kaka alipogoa kwa panga mama alipokuwa sokoni. Nadharia yake ilikuwa kwamba mti ni kama kuruta: ukimnyoa bila kumuuliza, anatii. Hata hivyo nisimseme vibaya sana. Miaka ya sabini ilipoleta uhaba wa kila kitu, sukari, sabuni, mafuta, ni yeye aliyemletea mama kikopo cha mafuta ya bunduki kwa ajili ya mkasi wake. Mama alisema ni kitu cha kwanza cha maana kutoka jeshini.

Kisha magoti ya mama yakaanza kukataa kigoda alichokuwa akisimamia kupogoa. Alikipanda kwa shida, akashuka kwa shida zaidi, na siku moja akatuita sote wawili, akatukalisha barazani. Alisema ataendelea kukaa katika nyumba yake, ila michenza inataka mtu mwenye magoti. Atakayepewa shamba ndiye atakayeamua habari yake.

Kaka alikuwa ameshaamua. Barabara ilijaa wafanyabiashara wa mpakani waliotafuta mahali pa kuweka mizigo, hasa mizigo isiyopenda kuonekana. “Mchenza haulipi kodi, mama,” akasema. “Nitakata yote, nitajenga stoo ya mawe. Kila mwezi utapokea.”

Nilisema nataka miti ibaki. Nilipoulizwa sababu, mimi mwenye shahada, nilisema maneno mengi kuhusu kumbukumbu ya marehemu baba na kivuli. Sababu ya kweli ilikuwa ndogo na sikuwa na ujasiri wa kuitamka mbele ya askari: kijiti cha mchenza kikikatwa hutoa harufu, na harufu ile ilikuwa mahali pekee duniani ambapo sikuhisi napimwa. Wazo la kuja Bwera na kukuta ukuta wa mawe lilininyima usingizi.

Mama alitusikiliza akiwa anafuta mkasi.

“Miti inataka mtu anayeweza kuikata,” akasema. “Siyo kuipenda. Kila mmoja achukue upande wake, apogoe. Mvua ikija, vidonda vitasema. Na kila mtu na mkono wake. Nikisikia mmoja ameita kibarua, hatapata hata jani.”

Kaka alipewa upande wa kwa jirani. Mimi nilipewa mistari inayoanzia kwenye barabara ya Kongo na kuteremka hadi kijitoni, nyuma ya mibuni michache ya mama. Kaka alimaliza kabla ya chai, kwa panga, akipiga mluzi. Mama aliingia ndani ili asione.

Mimi niliuomba mkasi wa mama, ule wa Mbelgiji, ili nisiwe na chuma cha kulaumu. Nikaanza barabarani. Ilikuwa siku ya soko, na watu wote wa ng'ambo na wa mlimani walikuwa wanapita na mizigo kichwani, wakisimama kunisalimia, kuniuliza habari za Kasese, kuniambia mwalimu umekonda. Nilikata kwa mkono wa kulia. Nilikata kama mbuzi. Nilijua ninapoteza shamba kijiti kwa kijiti, na niliendelea kusalimia.

Nilipofika nyuma ya mibuni, sauti za barabarani zikakatika. Hapakuwa na mtu ila kijito. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechubuka, na bila kufanya uamuzi wowote ambao ningeweza kuueleza, niliuhamishia mkasi mkono wa pili.

Haukufaa. Mikasi hii imetengenezwa kwa mkono wa kulia. Kwa kushoto, lile jino nene ndilo linaloegemea mti, linauponda na kuacha kisiki, na macho hayaoni makali yanapoingia. Nikaugeuza juu chini. Sasa jino jembamba likalala bapa kwenye shina, mahali pake, na ingawa mpini ulinichimba gumba, nilikata. Kijiti kilianguka. Nilitazama kidonda: duara dogo, laini, jeupe, kama kitako cha chenza lenyewe. Nikakata kingine. Nilifuata machipukizi yanayopanda wima katikati ya mti, matawi yanayosuguana, vijiti vikavu, na mkono ulijua umbali bila kuniuliza. Mkono ule haukuwa umefanya kazi yoyote ya heshima tangu ukambaa wa bibi, na ulikuwa umetunza kila kitu mama alichowahi kusema.

Nilipogoa mistari yote ya nyuma mpaka kijitoni. Kisha nikaufuta mkasi, nikaushika kwa mkono wa kulia, nikarudi nyumbani nikiwa na lengelenge kwenye gumba la kushoto, ambalo nilimwambia mama ni la chai ya moto.

Nilirudi Kasese kufundisha. Mvua ikanyesha, ikaisha. Siku moja, katikati ya kipindi, tarishi wa ofisini alisimama mlangoni akasema kuna simu yangu kutoka Bwera.

Miaka hiyo simu kutoka Bwera ilikuwa na maana moja. Nilikimbia. Ofisini alikuwepo mwalimu mkuu, mama mmoja mnyoofu aliyefundisha adabu za mezani kila Ijumaa, pamoja na mhasibu na mkaguzi wa shule waliokuwa wanangoja chai. Nikanyakua simu.

“Nani amekufa?” nikauliza.

“Hakuna aliyekufa,” sauti ya mama ikasema. “Nimetoka shambani.”

Kaka, kwa sare yake, alikuwa amepata ruhusa ya kutumia simu ya kituo cha mpakani. Mama hakuwa amewahi kushika simu. Aliitumia kama watu wa Kyarumba wanavyoitana kutoka kilima hadi kilima, na kwa sauti ile nadhani waya haukuwa wa lazima. Mhasibu alisogeza kiti chake nyuma.

“Miti ya kaka yako inaoza,” mama akasema. “Yeye mwenyewe ameona. Yako ya barabarani umeitafuna. Lakini ya nyuma imepona. Imefunga midomo yote. Sijaona kazi kama ile tangu magoti yangu yalipokuwa yangu.”

“Nashukuru, mama.”

“Usishukuru. Kaka yako anasema ya nyuma uliita kibarua.”

Nilimsikia kaka nyuma yake. “Mwambie ataje jina la kibarua. Tutamwajiri.”

“Sikuita mtu, mama.”

“Mkasi mmoja, siku moja. Barabarani mbuzi, kijitoni fundi. Nieleze, au shamba nampa huyu, na stoo inaanza kesho.”

Niliwatazama watu watatu waliokuwa wakitazama vikombe vitupu kwa bidii. Nikagundua pia kwamba nilipoinyakua simu, kwa hofu ya kifo, niliinyakua kwa mkono wa kushoto. Niliuangalia mkono ule ukiwa umeshika simu vizuri kabisa.

“Niliikata kwa kushoto,” nikanong'ona.

“Simu inakwaruza. Sema.”

“Kwa mkono wa kushoto, mama.”

“Huyu hapa hasikii. Paza.”

“Nilikata kwa mkono wa kushoto,” nikasema, kwa sauti niliyokuwa naitumia kwenye paredi ya asubuhi. “Mimi ni wa mashoto. Tangu kuzaliwa.”

Mkaguzi aliandika kitu. Mwalimu mkuu alifunga macho, kama mtu anayezipitia upya Ijumaa zake zote.

Waya ulilia kidogo. Kisha mama akasema, kwa sauti ya kawaida sasa, “Nilisikia ulipolitamka mara ya kwanza. Nilitaka kaka yako alisikie kwako, asije akasema nimekupendelea.”

“Kumbe ulijua?”

“Nilikunyonyesha mimi. Nani mwingine atajua ulishika ziwa kwa mkono upi? Bibi yako alifunga mkono wako, macho yangu hakuyafunga.”

“Na miaka yote hii nanunua mikasi, mama, ukanitazama tu.”

“Niliona unafurahia kununua.”

Kaka akachukua simu. Nilimsikia akipumua, kisha akakohoa kama anayetaka kutoa ripoti.

“Mwalimu.”

“Ndiyo, kaka.”

“Jeshini mtu kama wewe tunamweka mwisho wa mstari, maganda ya risasi yasimrukie mwenzake. Siyo kosa. Ni mpango tu. Stoo nitatafuta kiwanja kingine. Machenza ya kwanza ni yangu.”

Nikamwambia ni yake. Alimrudishia mama simu, na mama, ambaye sasa alikuwa ameizoea, alisema polepole kila nilichotakiwa kufanya.

“Jumamosi uje. Mkasi uko kwenye msumari, nimeshaunoa. Ile ya barabarani yote utaikata upya, chini ya pale ulipotafuna. Na usije jioni. Uje asubuhi, watu wakiwa wanakwenda soko.”